Mtaje binamu yako

Dada yangu wa Mbagala,

Pole sana. Unasema watu waliacha kukupa pole siku matanga yalipoanuliwa, basi pokea yangu leo.

Aliyefariki ni mtoto wa shangazi yako, lakini ndiye aliyekuwa rafiki yako kuliko wote. Mlilala kitanda kimoja utotoni, na ukubwani mkawa mkinunua doti moja ya khanga mnagawana, yeye kipande na wewe kipande. Sasa kila ukimtaja nyumbani, mazungumzo yanakatika. Shangazi anainuka kwenda jikoni. Mumeo anakwambia unamsumbua marehemu, na kwamba kulia miezi yote hii ni kutoridhika na kazi ya Mungu. Unaniuliza kama uache kumtaja.

Usiache.

Mumeo simlaumu. Nadhani anayaogopa machozi yako, hajui ayafanye nini. Lakini katika hilo la dini amechanganya mambo. Ni kweli zimewekwa siku tatu za maombolezo kwa ndugu, na miezi minne na siku kumi kwa mjane. Mipaka hiyo ni ya kukaa msibani na kuacha mapambo. Kumkumbuka mtu hakukuwekewa mpaka. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliendelea kumtaja Bibi Khadija miaka mingi baada ya kufariki kwake, hadi Bibi Aisha akamwonea wivu. Alipochinja kondoo, aliwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Na mwanawe Ibrahim alipofariki, alilia mbele ya watu. Mweleze mumeo hayo kwa upole, tena akiwa ameshakula.

Wazee wenu wa Kizaramo nao hawakuona vibaya marehemu kutajwa. Mtani wao Mnyamwezi alipofika msibani, alimwigiza marehemu mwendo wake, kikohozi chake, hata ubahili wake, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Hakuna aliyesema mtani kamsumbua maiti. Alilipwa chochote kitu, akapewa na chakula.

Sasa nikwambie neno ambalo huenda likakuuma. Karibu barua yako yote ni wodi: dripu, mtungi wa oksijeni, muuguzi aliyekujibu vibaya, simu ya usiku ule uliyochelewa kuipokea. Nimefika mwisho nikijua alivyokufa, sijui alivyoishi. Sijui alikuwa mkali au mpole, wala alikuwa akichekeshwa na nini. Khanga umezipa mstari mmoja tu, na mstari huo ndio ulionifanya nimpende mtu nisiyewahi kumwona.

Nahisi hata nyumbani ukimtaja unaanzia hospitali. Shangazi yako alikuwepo pale wodini, dada yangu. Huwezi kumrudisha huko kila mkionana, halafu ukashangaa akikimbilia jikoni. Wewe umeona kimya chake ukadhani amesahau. Mama aliyemzika mwanawe hasahau. Huenda anakulinda wewe, nawe unamlinda yeye, na kila mmoja analia chumbani kwake.

Hiyo simu nayo iache. Ulikuwa umelala baada ya kukesha naye. Hukumtupa.

Anzia kwingine. Siku moja mkichambua mchicha, mkumbushe shangazi mlivyogombania hizo khanga, nani alichagua rangi na nani hakulipa hadi leo. Akilia, mwache alie, wala usimwombe radhi. Akicheka, cheka naye. Mkimaliza mwombeeni dua, na kama mna uwezo toeni sadaka kwa jina lake.

Zile sauti zake za WhatsApp zihifadhi mahali pengine pia, maana simu huibwa. Lakini zitoe kitandani. Kuzisikiliza peke yako gizani kila usiku kunakuchosha, na umekiri mwenyewe kwamba ukishazisikia hulali tena. Zisikilize mchana, na mtu mwingine aliyempenda. Na kama usingizi umekataa kabisa, au chakula hakipiti, au fikra za kumfuata zinakujia, usisubiri barua nyingine kutoka kwangu: mwambie mumeo leo, mwende hospitali. Muhimbili wapo wataalamu wa afya ya akili, na kazi yao ni kuwasikiliza watu kama wewe.

Kuna jambo umeligusa kwa nusu sentensi, nami ndilo linalonikaa moyoni: ameacha mtoto wa kiume wa miaka 6, na analelewa na bibi yake, huyo shangazi yako. Wakubwa watamwambia mama yake alikuwa mtu mzuri. Maneno hayo husemwa kwa kila marehemu, na mtoto hawezi kumwona mama yake humo. Anachohitaji unacho wewe: kwamba mama yake alikula embe bichi na pilipili mpaka akaumwa tumbo, au kwamba alikuwa akiimba vibaya kwa sauti kubwa, au lolote lile unalolijua wewe uliyelala naye kitanda kimoja. Bibi yake anamjua kama mwana. Wewe unamjua kama shoga yako, na upande huo hakuna mwingine wa kumsimulia.

Nenda ukamsimulie Ijumaa hii. Nenda mapema, kabla huyo mtoto hajazoea kutouliza.