Chapati Jikoni Kericho: Neno Moja, Vyakula Viwili

Utohozi wa maneno huweza kuchunguzwa kwa kigezo cha sauti pekee. Neno “chapati”, lenye asili ya Kihindi, linadhihirisha upungufu wa mtazamo huo. Umbo lake halikubadilika Kenya. Kilichobadilika ni kirejelewa chake.

Katika hekalu la Masingasinga mjini Kericho, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh aliyewahi kuishi humo, mgeni wa dini yoyote hulishwa bure chakula kisicho na nyama. Aghalabu huwa dali na mkate mwembamba wa ngano, uliokandwa kwa maji na kuivishwa juu ya chuma kikavu. Wenyewe huuita roti au chapati.

Kwa majirani Wakipsigis, hata hivyo, chapati husukumwa, ikapakwa mafuta, ikaviringwa, ikasukumwa tena na kukaangwa. Mpunjabi angeiita parotha. Huliwa kwa ndengu, kwa nyama au kwa chai ya maziwa.

Je, kamusi imfasilie nani? Fasili inayosema “mkate wa ngano” pekee huwapunja wote wawili. Mtunzi wa kamusi hana budi kuingia jikoni kabla ya kushika kalamu.