Fundisho: Mlevi na Mgonjwa wa Akili ni Ndugu Zetu



Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mmekwisha jifunza amri ya mapendo. Leo tuitazame amri hiyo katika kijiji chetu. Kando ya ziwa, hapa Kalemie na hata barani, yupo mtu aliyeshikwa na lutuku. Franga za samaki wake huishia kwa mwuza pombe kabla hazijafika kwa mke na watoto. Yupo pia mtu ambaye akili yake imeugua, labda tangu mapigano ya Wabatwa na Waluba yaliyoanza mwaka 2013: usiku halali, mchana anasema peke yake. Watu husema, «Amerogwa.» Mkristu aseme nini?

1. Dhambi na ugonjwa

Kulewa kwa kusudi ni kosa mbele ya Mungu, kwa maana akili ni zawadi yake. Lakini mtu akizoea pombe kali miaka mingi, mwili wake hufungwa nayo kama mtumwa. Hapo nia njema peke yake haimtoshi. Tena mjue neno hili: mlevi wa siku nyingi akiacha pombe kwa ghafla aweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Kwa hiyo asifungiwe nyumbani, wala asilazimishwe kufunga chakula; apelekwe kwanza kwa mganga wa hospitali.

Kuugua akili si dhambi. Kumfunga mgonjwa kamba, au kumpiga ili pepo atoke, ni ukatili. Bwana Yezu alipomkuta yule mtu wa makaburini, ambaye watu walikuwa wamemfunga minyororo (Mk 5), hakumwongezea mnyororo hata mmoja. Alimponya, akamrudisha nyumbani kwa watu wake.

2. Sala na dawa havipigani

Yoshua bin Sira (sura ya 38) hufundisha kwamba mganga na dawa hutoka kwa Mungu. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, aliishi Adriano Atiman. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari kisiwani Malta, akawa katekista na daktari pamoja hadi kufa kwake mwaka 1956. Mtu yule yule alifundisha sala na kutoa dawa. Na huko Bukavu, Mafurere wa Karita wanawatunza wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sosame.

3. Mfano wa Matt Talbot

Matt Talbot alizaliwa mwaka 1856 mjini Dublin, nchi ya Ireland, katika nyumba ya maskini. Akiwa na miaka 12 alianza kazi kwa mwuza divai, na mapema akawa mlevi. Aliuza hata viatu vyake apate kunywa. Siku moja yeye na wenzake waliiba zeze la kipofu wakaliuza.

Mwaka 1884, akiwa hana pesa, alisimama nje ya nyumba ya pombe akitumaini rafiki zake watamkaribisha. Wote walipita. Akarudi kwa mama yake, akamwambia anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama akamwonya asiiweke kama hana nia ya kuishika. Akaenda kwa padri, akaungama, akaahidi miezi 3 tu. Miezi ile ilikuwa ya taabu kubwa. Ilipokwisha aliahidi tena, na baadaye kwa maisha yote. Kila asubuhi alihudhuria Misa kabla ya kazi. Alizoea kutembea bila pesa mfukoni. Alilipa madeni; yule kipofu alimtafuta asimpate, akatoa sadaka Misa zisomwe kwa ajili yake. Alikufa njiani akienda Misa, mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Angalieni: aliahidi siku chache kwanza, alikimbia nafasi za kishawishi, na hakuacha Sakramenti.

4. Kazi ya shirika letu

Tusimcheke mlevi, wala tusimwimbie nyimbo njiani. Tumsindikize hospitalini. Mtu mmoja wa shirika amtembelee, hasa jioni mitumbwi inaporudi na pesa ziko mkononi. Kwenye ndoa na matanga tusimlazimishe mtu kunywa. Na mama anayepika lutuku apate karo ya watoto, tusimgombeze tu. Tumsaidie kupata shamba au biashara nyingine.

Maulizo

Mlevi aweza kuwa mkatekumeni?
Ndiyo, kama anataka kugeuka kwa moyo. Yezu alikuja kwa ajili ya wagonjwa.

Ubatizo utamwondolea kiu ya pombe siku ile ile?
Ubatizo huondoa dhambi na kutia neema. Kiu ya mwili yaweza kubaki. Neema humsaidia kupigana nayo, pamoja na dawa na ndugu zake.

Akianguka tena, tumfukuze?
Hapana. Tumwinue, tumrudishe kwa padri na kwa mganga.

Azimio: Juma hili nitamtembelea mtu mmoja ambaye wengine wanampita.

Tusali: Ee Bwana Yezu, wewe hukumpita mgonjwa njiani. Utupe macho ya kumwona ndugu yetu, na miguu ya kumfikia. Amina.