Kushona kwa Ajili ya Mtu Unayemjua

Kila Desemba mafundi cherehani wa Kemondo, mkoani Kagera, huelemewa. Ndugu walioko Dar es Salaam na Mwanza wanarudi nyumbani kwa Krismasi, harusi zinafuatana, watoto wanadai nguo mpya, na sare za Januari nazo zimeshaanza kuletwa. Gauni lililoahidiwa kwa tarehe 20 hutoka mkesha wa sikukuu usiku, na likibana kwapani hakuna tena wa kulifumua. Makala haya ni ya yule anayetaka sehemu ya kazi hiyo aifanye mwenyewe nyumbani. Suti na gauni la bi harusi vibaki kwa fundi, ni haki yake na vinataka mkono wake. Ila ziko nguo na zawadi nyingi ambazo mtu wa nyumbani anaweza kuzishona vizuri kuliko fundi, kwa sababu moja tu: anamjua atakayezivaa.

Fundi humwona mteja kwa dakika chache, futi kamba ikiwa shingoni. Wewe unajua kwamba bibi hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega. Unajua mtoto gani anavuka saizi kila baada ya miezi michache, na unajua mama anayeuza dagaa karibu na bandari hurudi jioni na chenji imefungwa kwenye ncha ya khanga. Basi anza na mtu, kitambaa kitafuata.

Tumchukue huyo bibi. Gauni la kuvutwa kupitia kichwani ni mateso kwake hata likiwa zuri kiasi gani. Mshonee linalofunguka mbele kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno, lenye vifungo vya upana wa sentimita 2 hivi, maana vidogo vinakataa kushikika kwa vidole vyenye baridi yabisi. Tundu la mkono lishuke kidogo chini ya kwapa la kawaida, na mkono wenyewe uwe mpana juu. Ukanda wa Ziwa Victoria kuanzia Muleba hadi Bukoba una mvua nyingi na asubuhi za baridi, kwa hiyo mkono mrefu una kazi yake. Kwa ndani, upande wa kushoto, weka mfuko wenye kifungo wa kutunzia hela na kadi ya kliniki. Mfuko huo huchukua nusu saa kushona, na huenda bibi akaupenda kuliko gauni zima.

Mama wa dagaa mshonee aproni ya kitambaa kizito, dengrizi au drili. Kosa la aproni nyingi ni kuning'inizwa shingoni: sarafu na simu zikijaa mifukoni, shingo ndiyo inayobeba. Pitisha kanda mbili mabegani, zipishane mgongoni na kufungwa kiunoni, ili uzito ugawanyike. Mifuko iwe na tabaka mbili, wa nyuma kwa noti na wa mbele kwa chenji, na kila kona ya juu ya mfuko irudiwe kwa mishono mitatu au minne. Mfuko huanza kuchanika hapo siku zote.

Kabla ya kukata chochote, kijue kitambaa. Sokoni vitenge vya pamba na vya polista hutundikwa pamoja na vinafanana kwa macho. Omba uzi mmoja wa pembeni, uwashe ukiwa nje. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, halafu hukauka ikawa kidonge kigumu. Kwa nguo ya mtoto au ya kulalia chagua pamba, kwani inafyonza jasho. Lakini pamba mpya hurudi ikifuliwa. Si ajabu kupoteza sentimita 3 hadi 5 katika kila mita. Kwa hiyo loweka kitambaa kwenye maji, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Wengi huruka hatua hii kwa sababu ya haraka, kisha humlaumu mtoto kwamba amenenepa. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na masika ya Machi hadi Mei huwa na siku mfululizo zisizo na jua, hivyo weka siku mbili au tatu za kukausha katika mpango wako. Kitambaa chekundu au cha bluu iliyokoza kifue peke yake mpaka maji yatoke safi.

Mpangilio wa nyuzi nao ni muhimu. Nyuzi zinazokwenda sambamba na pindo la kiwandani hazivutiki, za upana huvutika kidogo, na mshazari huvutika sana. Gauni literemke kwa kufuata nyuzi za urefu. Ukilikata limepinda ili kubana matumizi ya kitambaa, baada ya kufuliwa mara chache litajizungusha mwilini, na hakuna pasi itakayolinyoosha.

Kama ni nguo yako ya kwanza, ijaribu kwanza kwa kitambaa cha bei nafuu. Kitambaa hicho kina historia yake hapa. Zamani wazee wa Buhaya, nchi ya Wahaya, walivaa lubugo, nguo ya gome la mtoma lililogongwa kwa nyundo za mti mpaka likalainika na kutanuka. Kisha ikaja pamba isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na merikebu za Marekani katika karne ya 19, ikasambaa hadi bara, na hadi leo tunaiita marekani. Hicho ndicho kitambaa bora cha majaribio. Kata gauni la marekani, lipige bandi kwa mishono mirefu ya mkono, mvalishe mhusika, mwambie akae, ainame, anyooshe mikono kama anayeanua nguo kambani. Panapovuta, weka alama ya chaki. Halafu lifumue, na vipande vyake ndivyo viwe ruwaza yako ya kukatia kitenge.

Vipimo vya lazima ni kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, urefu wa mkono na urefu wa nguo. Pima mtu akiwa amevaa nguo nyepesi, na uandike tarehe pembeni kwa sababu miili hubadilika. Kwenye kifua ongeza sentimita 5 hadi 8 za kupumulia kwa gauni la kawaida, na zaidi kwa dera. Kila ukingo uachie sentimita 1.5 za mshono. Kwa mtoto acha 2 ubavuni, mwakani utazihitaji.

Chukua mfano wa sketi ya lastiki ya msichana wa miaka saba mwenye kiuno cha sentimita 54, anayetaka urefu wa 40. Juu ongeza 4 za njia ya lastiki, chini ongeza 7 za pindo, jumla 51. Upana ni karibu mara mbili ya kiuno, yaani 108 hivi, kwa hiyo tumia upana wote wa kitenge cha sentimita 110: ukitoa mshono hubaki 107, nao unatosha. Lastiki ikatwe 50, pungufu kidogo ya kiuno, ili ishike bila kubana. Pindo la sentimita 7 lishonwe kwa mkono. Mtoto akirefuka utalifumua jioni moja na kulishusha, na sketi itaishi mwaka mwingine.

Ukikata kutoka yadi moja ya kitambaa kilichokwisha kurudi, ambayo ni sentimita 91, baada ya sketi hiyo utabaki na kipande cha 40 kwa 110. Usikitupe. Kata vipande viwili vya upana wa 38 viwe mbele na nyuma ya mfuko, na tepe nne za upana wa 8 za mikanda. Unganisha tepe mbilimbili na mfuko utaningʼinia begani. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, mfuko wa kitambaa unahitajika kila siku, na msichana atafurahi kuwa na unaofanana na sketi yake.

Kwa mtoto mchanga, laini na pana ni bora kuliko maridadi. Usiweke kamba shingoni wala vifungo vinavyoweza kungʼoka na kumezwa, na mishono ya ndani iwe bapa. Kuhusu sare, elimu ya msingi ya serikali haina ada lakini sare bado ni ya mzazi, na kaptula au sketi ya bluu ni kazi nzuri ya kujifunzia. Uliza kwanza shuleni kuhusu rangi kamili na nembo.

Iko zawadi moja inayostahili kuzungumzwa waziwazi zaidi: taulo za kike za kufua kwa binti aliyevunja ungo. Msichana anayekosa kitu cha kujistiri hubaki nyumbani siku hizo, na masomo humpita. Juu na chini weka flaneli ya pamba, katikati tabaka mbili au tatu za taulo kuukuu safi, urefu wa sentimita 25 hivi, na mabawa mawili ya kufungwa chini ya chupi kwa kifungo cha kubana. Mshonee za kutosha kubadilisha wakati nyingine zinakauka. Mweleze azioshe kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa, kisha sabuni, kisha jua. Aibu huwafanya wasichana wengi kuzianika chini ya godoro, zikabaki na unyevu unaoweza kuleta maambukizi. Mtafutie kamba yake ya kuanikia, na siku za mvua azipige pasi mpaka zikauke kabisa. Mama, shangazi au dada mkubwa akikaa naye wakashona pamoja, mazungumzo magumu hupata nafasi yake.

Cherehani si lazima mwanzoni. Aproni, taulo na mfuko vinashoneka kwa sindano ya mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, ambao ni imara sana ukiwa mdogo na wa kulingana. Ukifika wakati wa kununua cherehani ya miguu iliyotumika, nenda na kipande chako cha kitenge, kikunje mara nne, ushone hapohapo. Geuza kitambaa. Vitanzi vya uzi upande wa chini kwa kawaida humaanisha kwamba uzi wa juu haukupitishwa sawasawa au umelegea, jambo linalorekebishika kwa dakika moja. Gurudumu linalogugumia au meno yasiyosukuma kitambaa ni gharama, hapo punguza bei au ondoka. Kwa kitenge tumia sindano namba 14, kwa kitambaa chepesi 11, kwa dengrizi 16, na uibadilishe mara inapoanza kuruka mishono. Unyevu wa ziwani hula chuma: funika mashine, fagia vumbi la nyuzi chini ya bamba, na weka tone la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu. Mafuta ya kula yakikauka hugeuka gundi. Anayetaka kwenda mbele zaidi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha ushonaji, na mkoa wa Kagera una vyuo vyake.

Kwa harusi, zawadi ya nyumbani isiyochuja heshima ni mashuka ya kudarizi. Pima kwanza godoro. La futi 5 kwa 6, yaani karibu sentimita 150 kwa 180, lenye unene wa 20, linahitaji shuka la 230 kwa 260 ili kila upande ufunike unene na ubaki na 20 za kuchomeka. Shuka fupi linalochomoka usiku ni kero hata likiwa na waridi hamsini. Chora maua kwa karatasi ya kaboni, kaza kitambaa kwenye fremu, na loweka uzi mwekundu usiku kucha kabla ya kuutumia, uone kama unachuja. Darizi ukanda wa juu unaokunjwa na foronya mbili. Katikati pa shuka acha wazi, panalaliwa.

Gomesi, au busuti, nalo huvaliwa kwenye sherehe za Kagera. Ngʼambo ya mpaka, Buganda, mila inasema mke aliyemkusanyia mumewe senene, yaani panzi wa kuliwa, hustahili kununuliwa gomesi jipya. Mabega ya gomesi yaliyochongoka na shingo yake ya mraba ni kazi ya fundi mzoefu. Ila chini yake huvaliwa kikoi kinachoipa nguo mwili na kuizuia isigande, na hicho unaweza kukikata na kukipinda mwenyewe.

Mwisho ujishonee. Akina mama wengi humaliza foleni ya familia nzima na wao wakabaki na gauni la miaka mitano. Mgongo wako huwezi kuupima peke yako, kwa hiyo mwite wifi au jirani, na siku nyingine umpime yeye. Msimu wa kahawa hela inapoingia nunua vitambaa vya sikukuu, uvifue Agosti jua likiwepo, ukate Septemba. Novemba mvua na senene vikianza, ubaki na vifungo na mapindo tu, kazi za mkono zinazofanyika jikoni huku ndizi zikiiva.