Mfahamu Silikanti, Samaki wa Kale wa Bahari ya Tanga

Silikanti ni samaki wa kina kirefu ambaye kwa miaka mingi wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Iliaminika kuwa alitoweka takribani miaka milioni 66 iliyopita, hadi Desemba 1938 aliponaswa mmoja na meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, ndiye aliyetambua kuwa huyo hakuwa samaki wa kawaida.

Katika pwani ya Tanga, wavuvi walianza kumnasa mara kwa mara katika miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Maumbile na makazi

Silikanti ana rangi ya buluu iliyokoza yenye madoa meupe, magamba magumu, na mapezi yenye mashina ya nyama ambayo huyachezesha kwa kupokezana, mithili ya mnyama anayetembea. Hukua hadi kukaribia mita 2. Mchana hujihifadhi katika mapango ya miteremko ya miamba, aghalabu katika kina cha mita 100 hadi 200 au zaidi, penye maji ya baridi. Usiku hutoka kutafuta chakula.

Kwa nini alindwe?

Silikanti hatagi, huzaa watoto walio hai. Utafiti wa magamba yake uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kuwa mimba huchukua takribani miaka 5, jike hukomaa akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na maisha yake yaweza kufikia miaka 100. Kwa hiyo, pengo la jike mmoja aliyenaswa leo huenda lisizibwe katika uhai wa mvuvi aliyemnasa.

Wavuvi hawamtafuti, kwani nyama yake yenye mafuta mengi haifai kwa kitoweo. Hunaswa na jarife la papa linalotegwa kwenye kina kirefu. Akipandishwa juu penye maji ya joto, mara nyingi hufa hata akirudishwa baharini.

Kinga ya kweli, basi, ni kutotega jarife karibu na miteremko yenye mapango. Mvuvi atakayemnasa kwa bahati mbaya asimuuze. Atoe taarifa mapema kwa afisa uvuvi au uongozi wa kijiji.