Okoa makaa, lakini usilale na jiko

MAZINGIRA yanapotajwa, wengi wetu hufikiria msitu wa Mau, moshi wa viwandani au takataka zilizorundikana kandokando ya mto Nairobi. Ni wachache wanaofikiria mafiga yao matatu au jiko la makaa lililoko mlangoni. Hata hivyo, ni hapo ambapo familia nyingi hukutana na hewa chafu kila siku, asubuhi na jioni, na ni hapo pia ambapo mti hugeuka jivu.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, nyumba 55 katika kila 100 nchini zilikuwa zikipika kwa kuni. Nyingine kama 12 zilitumia makaa. Makala haya yanawahusu hao, wala si kwa kuwalaumu, maana anayepika kwa kuni aghalabu hana la kuchagua. Twataka kueleza jinsi ya kupunguza kuni na makaa yanayotumika, na jinsi ya kumkinga anayepika. Mambo hayo mawili mara nyingi huenda pamoja. Lakini pana mahali yanapoachana, na mahali hapo ndipo watu hufa.

MOSHI UNA NINI?

Moshi wa kuni si kitu cha kuwasha macho tu. Ni mchanganyiko wa hewa zenye sumu na chembechembe ndogo mno za masizi. Zilizo hatari zaidi ni zile ndogo kabisa, ambazo unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda takriban mara 30. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, nasi tukalitoa kwa kamasi na kikohozi. Chembe hizi ndogo hupita moja kwa moja hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Shirika hilo lasema mtoto anayeishi katika moshi wa jikoni ana hatari karibu maradufu ya kupata nimonia. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na aghalabu huwa mgongoni mwa mamake wakati wa kupika, pua yake ikiwa mle mle moshini.

Mama naye hasalimiki. Mwanamke ambaye hajagusa sigara maishani mwake aweza kupata maradhi ya mapafu yanayofanana kabisa na ya mvutaji wa miaka mingi: kikohozi kisichokoma, makohozi kila asubuhi, na kuishiwa na pumzi akipanda mlima mdogo tu. Moshi huo huo huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Akiwa mja mzito, mtoto aweza kuzaliwa na uzani mdogo.

KUNI MBICHI NI HASARA MARA MBILI

Ukitia kuni mbichi motoni, sehemu kubwa ya joto huishia kukausha maji yaliyo ndani ya kuni zenyewe kabla ya kufika kwenye sufuria. Kwa hiyo unatumia kuni nyingi zaidi na unavuta moshi mwingi zaidi. Zipasue ziwe nyembamba, uzipange juu ya mawe au magogo zisiguse ardhi, chini ya paa lakini mahali penye upepo. Yafaa kuzianza mapema wakati wa kiangazi, si siku ambayo mvua imekwisha kuanza.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wengi hawalijui. Maji yakishachemka hayawezi kuwa moto zaidi ya hapo, hata ukijaza kuni hadi mafiga yafunikwe. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selisiasi. Nairobi, kwa sababu ya kuwa juu kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa karibu nyuzi 94, na Nyahururu hata chini ya hapo. Ndiyo sababu maharagwe yale yale huiva mapema pwani na kumchosha mpishi wa Nyahururu. Dawa yake si moto mkubwa. Funika sufuria, punguza kuni mara tu chakula kinapochemka, na uloweke maharagwe na mahindi makavu usiku kucha kabla ya kupika, kisha umwage maji hayo. Kuloweka peke yake hupunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa sana, wala hakuna gharama yoyote. (Kuna wanaotia magadi ili githeri ilainike upesi. Ni kweli hulainika, lakini magadi huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida za kula maharagwe.)

KIKAPU KINACHOPIKA

Njia nyingine ambayo akina mama wa vikundi wameijua kwa miaka mingi, na ambayo yastahili kuenea zaidi, ni kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa kinachoweza kumeza sufuria yako na nafasi ikabaki pande zote. Jaza chini na kandoni blanketi kuukuu, vipande vya sweta, sponji au majani makavu ya mgomba, unene wa kama upana wa kiganja, kisha ushonee kitambaa safi juu yake. Tengeneza na mto mnene wa kufunika juu. Kazi ya kikapu ni kuzuia joto lisitoroke, hivyo chakula huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe.

Mchele ukishachemka kwa dakika chache, ondoa sufuria motoni ikiwa bado imefunikwa na uitumbukize kikapuni. Githeri yahitaji kuchemka zaidi kwanza, kisha ikae humo saa kadhaa. Usifunue funue ili kuonja, kwani kila ukifunua joto hutoka.

Hapa pana tahadhari ambayo haifai kupuuzwa. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali pekee. Joto la kiasi halitoshi. Yaloweke, umwage maji, uyachemshe kwa nguvu kwa muda usiopungua nusu saa, ndipo uyatie kikapuni. Anayeruka hatua hiyo aweza kutapika na kuendesha vibaya saa chache baada ya kula. Chakula chochote kikipoa humo hadi kuwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kukipakua.

JIKO LENYE UDONGO NDANI

Wengi wa wanaotumia makaa wanalijua jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani na kiuno chembamba katikati. Jiko hilo lilibuniwa hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga sehemu ya jiko la Thailand na kulitengeneza upya lifuate sufuria zetu na mikono ya mafundi wa jua kali. Leo limeenea hata nje ya mipaka yetu. Udongo huzuia joto lisipotee kwenye bati, hivyo jiko zuri huokoa kama theluthi moja hadi nusu ya makaa ukilinganisha na jiko la bati tupu.

Uokoaji huo si mdogo. Katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo moja ya makaa hutokana na kilo sita hadi kumi za kuni. Yaani gunia la kilo 35 limekula kilo 210 za mti au zaidi. Unaponunua jiko, tazama udongo wa ndani usiwe na ufa, na uhakikishe umeshikana na bati bila kucheza. Bei rahisi mara nyingi ndiyo ufa wenyewe.

Ukimaliza kupika, usiyaache makaa yaungue bure. Yachote kwa koleo uyatie katika mkebe wa bati wenye kifuniko, nje ya nyumba. Yakikosa hewa huzimika, na kesho utayawasha tena.

HEWA ISIYOONEKANA

Sasa tufike mahali tulipotaja mwanzoni. Jiko linalotunza joto huwa na makaa mekundu kwa muda mrefu hata baada ya chakula kuiva. Hali hiyo ni nzuri kwa mfuko na kwa msitu. Lakini inapofika baridi ya Juni na Julai huko Limuru, Molo, Kinangop na hata mitaani Nairobi, makaa hayo mekundu huonekana kama zawadi. Jiko huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, nguo zikasukumizwa chini ya mlango ili upepo usipite, na watoto wakalazwa kando yake.

Makaa yanapoungua hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Mtu husema, "Jiko hili halina moshi tena, ni salama." Hilo ndilo kosa kubwa. Makaa mekundu bado huitoa, na hata yaliyofunikwa na jivu huitoa. Ndimi za samawati unazoziona zikicheza juu ya makaa ni hewa hiyo yenyewe ikiungua. Ile isiyoungua huingia chumbani.

Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu yaendelea kuzunguka, lakini haibebi oksijeni ya kutosha kuufikia ubongo na moyo. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Aliye macho aweza kudhani ni malaria au uchovu wa kazi. Aliyelala haamki. Mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa moyo na mimba iliyo tumboni huumia mapema zaidi.

Kuna imani kwamba sufuria ya maji kando ya jiko hunyonya sumu hiyo. Hainyonyi. Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Dirisha ni muhimu sana wakati wa kupika, tena yafaa yawe mawili yanayotazamana, au tundu karibu na paa, lakini halimpi mtu ruhusa ya kulala na jiko. Vidonge vinavyofinyangwa kwa vumbi la makaa, ambavyo twavisifu kwa kuokoa kile kilichokuwa kikitupwa, navyo ni vivyo hivyo: vipikie, usilale navyo.

Joto la makaa yanayobaki laweza kukufaa bila kuingia chumbani. Weka birika la maji juu yake pale nje, maji yakipata moto uyatie katika mpira wa maji moto au chupa imara inayofungika vizuri, uizungushie kitambaa kizito na kuiweka kitandani. Makaa yatakuwa yametumika, na familia italala na kuamka.

USIWASHE KWA PLASTIKI

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, kwa tishio la faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Hata hivyo, bado wengine huwasha jiko kwa karatasi za nailoni za mikate, chupa au ndara kuukuu. Moshi wake una sumu kali zaidi kuliko wa kuni, nyingine zikiwa za kusababisha saratani, nao hupita karibu kabisa na uso wa anayepuliza moto. Vijiti vikavu, magunzi na karatasi zatosha.

Kwa mwenye uwezo, gesi na umeme vyapunguza moshi kuliko jiko lolote la kuni au makaa, na umeme wetu kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa na upepo. Mwenye ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini aweza kufikiria gesi ya samadi. Mafuta taa hatuyapendekezi. Moshi wake ni mchafu, na watoto huyanywa wakidhani ni maji.

UKIMKUTA MTU AMEZIDIWA

Usiingie ukakaa ndani kuchunguza. Vuta pumzi nje, fungua mlango na madirisha yote, umtoe mtu huyo kwenye hewa safi, kisha jiko litolewe. Kama hapumui na pana anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, aanze papo hapo huku usafiri ukitafutwa. Asipewe maziwa wala kitu kingine cha kunywa akiwa hana fahamu. Mpelekeni hospitalini hata kama amezinduka na kusema yuko sawa, na waliolala naye chumba kimoja waende pia, hasa mja mzito, kwani mtoto aliye tumboni aweza kuwa ameumia ilhali mama hasikii lolote. Mkifika, mwambieni daktari au muuguzi mapema kwamba kulikuwa na jiko la makaa ndani. Bila kuambiwa, aweza kuanza na kipimo cha malaria, na oksijeni ikachelewa.