SOMO LA MWEZI HUU: KUPONYA LAGA ILIYOKATWA NA BARABARA



Mvua ya Garissa ni haba, kama milimita 300 kwa mwaka, lakini hunyesha kwa kishindo. Maji yake hupita katika laga, yaani vijito vikavu. Barabara ikikata laga, maji yaliyokuwa yakitambaa mahali papana husongamana katika karavati moja. Yatokapo huchimba korongo, na korongo hula shamba. Usijaze shimo kwa udongo mtupu. Mvua ijayo itauchukua. Fuata mpango huu.

1. Tembea laga yote. Waulize wazee maji ya mvua kubwa za 1997 yalifika wapi, kisha upige vigingi hapo. Hiyo ndiyo nafasi ya maji. Kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya kijito kwa mita 6 hadi 30 kutoka alama ya mafuriko makubwa.

2. Pima mteremko kwa mpira mwangavu uliojaa maji. Maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja.

3. Panga vizuizi vifupi, kuanzia juu. Kilele cha kizuizi cha chini kilingane na kitako cha kile cha juu. Laga ikishuka sentimita 50 kila mita 100, vizuizi vya sentimita 25 viachane mita 50. Mawe yakikosekana, suka matawi katika vigingi. Katikati pawe chini kuliko kandoni, la sivyo maji yatazunguka na kukata ukingo. Chini ya kila kizuizi tandika mawe au matawi.

4. Panda nyasi, migunga na miswaki ukingoni, na uzuie mbuzi mpaka ishike. Usipande mathenge: ulipandwa Bura na Hola miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukaziba njia za maji, na mwaka 2008 ukatangazwa kuwa magugu mabaya.

Kabla ya kuanza, ombeni ruhusa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Karavati nalo ni kazi ya mhandisi wa barabara: mwandikieni kwa pamoja, mkiomba matundu zaidi. Jirani wa chini ashirikishwe pia, kwani maji unayoyafukuza kwako yatakwenda kwake.

Zoezi: Laga yashuka sentimita 30 kila mita 100. Vizuizi vya sentimita 30 viachane mita ngapi? (Jibu: mita 100.)