Pumzi Fupi Ijapo Kipimo Chasema Mapafu ni Mazima

Mzee aliyevuta sigara miaka mingi anarudi nyumbani kutoka soko la Ogwedhi. Zamani alipanda mwinuko bila kusimama. Siku hizi anapumzika mara tatu. Makohozi yamepimwa, hana kifua kikuu. Alipopuliza kwenye mashine, matokeo yalikaribia ya kawaida. Je, ni uzee tu?

Si lazima. Magonjwa mawili yanaweza kushika mapafu kwa pamoja. Emfisema huharibu vifuko vya hewa, hasa sehemu ya juu, na mapafu hutanuka. Faibrosisi huacha makovu, hasa sehemu ya chini, na mapafu husinyaa. Kwa kuwa moja hutanua na jingine hukaza, kipimo cha kupuliza kinaweza kudanganya, ilhali oksijeni haiingii vyema kwenye damu. Mwaka 2005, daktari Vincent Cottin na wenzake nchini Ufaransa waliieleza hali hiyo na kuipa jina.

Dalili zake ni kuhema upesi mtu anapotembea, kikohozi kisichoisha, ncha za vidole kuvimba, na mlio wa kuchakacha mgongoni daktari anaposikiliza. Wengi wa wagonjwa ni wanaume waliovuta sigara. Hatari ya saratani ya mapafu pia huongezeka.

Mwenye dalili hizi amweleze mhudumu wa afya amevuta sigara miaka mingapi, na kama amefanya kazi kwenye vumbi la migodi. Aombe kupimwa oksijeni baada ya kutembea, si akiwa ameketi tu. Picha ya CT ndiyo huthibitisha. Makovu hayafutiki, lakini kuacha sigara leo hulinda sehemu iliyobaki.